Miche yetu ilikufa: niliyoyaona nikiwa mtendaji wa mtaa Tanga

Siku tuliyopanda mikoko nilivaa viatu vya ngozi. Nalisema hilo mapema ili ujue unaongozwa na mtu wa namna gani. Ilikuwa tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, na mtaa wetu ulikuwa umejaliwa mgeni rasmi, turubai, spika mbili, fulana za kijani na kofia. Miche 400 ya mkoko ililetwa kwa pikapu. Tuliichomeka kwenye tope wazi lililo mbele ya mikoko ya zamani, kwa mistari iliyonyooka kama shamba la mahindi, tukapigwa picha, na maji yalipoanza kujaa tukakimbilia pilau.

Mwezi wa kumi nilirudi na daftari nikahesabu. Miche hai ilikuwa mitatu, na mmoja katika hiyo mitatu sina hakika kama tuliupanda sisi. Ripoti ilikuwa imeshakwenda zamani: miche 400 imepandwa. Si uongo, ilipandwa.

Nilikuwa mtendaji wa mtaa kwa miaka 11, katika mtaa mmoja wa pwani ndani ya Jiji la Tanga. Siutaji, maana wahusika wapo hai na wengine tunakutana sokoni kila Jumapili. Kwa asiyejua kazi hii, mtendaji ndiye kidole cha mwisho cha halmashauri. Unagonga muhuri barua za utambulisho, unasuluhisha ugomvi wa uani, unafuatilia ada ya taka, na kila jambo jipya linaloteremka kutoka juu, iwe chanjo, sensa au mabadiliko ya tabianchi, linatua mezani kwako. Hilo neno tabianchi nililisikia kwanza kwenye semina, nikadhani ni habari ya mamlaka ya hali ya hewa na ya mikutano ya ng'ambo. Kumbe ni gari la taka.

Aliyenifumbua macho ni afisa mazingira mmoja, kijana mpole aliyependa kuuliza kuliko kufundisha. Aliniuliza, "Mama, taka za mtaa wako ni kitu gani hasa?" Nikajibu kama mtu anayejua: plastiki. Akaniomba nipime. Tukachagua nyumba 10, tukazipa ndoo mbili mbili kwa wiki moja, na mizani tukaazima kwa muuza makopa. Plastiki ilikuwepo, lakini ilikuwa nyepesi na kidogo, hasa tangu mifuko ile ilipopigwa marufuku Juni 2019. Uzito wote ulikuwa kwenye ndoo ya pili: maganda ya mihogo, ya ndizi, ya machungwa ya Muheza, machicha ya nazi, utumbo wa samaki, ukoko wa wali. Nyumba ya mpika vitumbua peke yake ilijaza ndoo tatu za machicha.

Ndipo akanieleza lile ambalo sikuwahi kulifikiria. Taka za kuoza zikipelekwa dampo zikashindiliwa na kufukiwa, huozea mahali pasipo hewa, na huko ndani hutoa gesi ya methani. Kilo moja ya methani, ukiipima kwa miaka 100, inapasha dunia joto zaidi ya mara 25 ya kilo moja ya hewa ya ukaa. Maganda yale yale yakioza juu ya ardhi yanapitiwa na hewa, methani inayotoka ni kidogo mno. Kwa hiyo sisi tulikuwa tunalipa gari, dereva na dizeli kusafirisha machicha ya nazi hadi dampo la Mpirani ili yakafanye madhara ambayo yasingefanya yakibaki nyuma ya nyumba. Nilikaa na hesabu hiyo usiku kucha.

Sasa usidhani nilitoka hapo nikawa shujaa wa mboji. Lundo letu la kwanza lilinuka hadi imamu akaniita. Tulikuwa tumechimba shimo, tumetia maganda, tumefunika na turubai ili nzi wasiingie. Aliyetuokoa ni bibi mmoja Msambaa aliyeolewa mtaani kwetu, akaja na mkongojo wake, akafunua turubai, akaguna. "Mnazika. Mbolea haizikwi." Akatuamuru tutoe kila kitu juu, tupange tabaka la majani makavu na mabua, tabaka la maganda, tena majani, na lundo lisizidi kimo cha kifua. Kila wiki tuligeuze kwa uma. Harufu ikiwa ya yai bovu, hewa imekosekana, ongeza makavu. Likiwa baridi, limekauka, nyunyiza maji. Wiki ya pili asubuhi nilipochomeka mkono ndani niliutoa upesi, ni moto kama chungu cha uji, na mvuke ukapanda. Vifuu tulivitenga, maana haviozi leo wala mwakani, wakavichukua wauza mishikaki kuwashia jiko. Machicha mengine yalikwenda kwa wafuga kuku hata kabla ya kufika kwenye lundo.

Kikundi kilichokua hapo kilikuwa cha wanawake 12. Tuliomba mkopo wa ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo kila halmashauri inatenga: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Tulikosa mara ya kwanza kwa sababu katiba ya kikundi ilikuwa na kurasa zilizorukwa, kosa langu mimi niliyeichapa. Mara ya pili mikopo yenyewe ikasimamishwa nchi nzima, mwaka 2023. Iliporudi mwaka uliofuata tukapata, tukanunua guta. Tanga ni mji wa baiskeli, kila mtu anajua, na guta ni baiskeli iliyokua ikaota kitanda. Haitumii mafuta, inaingia vichochoro ambavyo gari la taka haliwezi hata kuchungulia, na fundi wake yuko kila kona.

Hapo ndipo nikakutana na ugomvi ambao hakuna semina iliyonieleza. Mkandarasi wa kuzoa taka wa eneo letu alikuwa analipwa kwa tripu. Sisi tukipunguza taka, tunampunguzia tripu. Akaanza kuchelewa, kisha akaanza kuruka siku, kisha vijana wake wakawa wanawaambia akina mama kwamba kutenganisha taka ni kupoteza muda kwa kuwa mwisho vyote vinachanganywa garini. Na kweli vilikuwa vinachanganywa! Nilikasirika, nikamwandikia barua tatu. Leo nikizisoma naziona zina adabu nyingi na akili kidogo. Yule bwana hakuwa mbaya. Alikuwa anafuata mkataba. Ukimlipa mtu kwa wingi wa uchafu, usishangae akiupenda. Jambo lilitulia pale Kamati ya Maendeleo ya Kata ilipokubali kwamba guta letu lipeleke kizimbani, yaani pale taka zinapokusanywa kusubiri gari, zile taka zisizooza tu, na mkandarasi alipwe kwa kizimba kilichoachwa safi. Kikao kile kilichukua saa nne na soda mbili. Sijui kama kuna mti wowote niliowahi kupanda uliofanya kazi kama kikao kile.

Shule nayo ina yake. Serikali ilikuwa imeagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa kufikia mwisho wa Januari 2024, na baadaye mwaka huo ukazinduliwa mkakati wa taifa unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Shule moja ya kata yetu ikapewa jiko kubwa la gesi na mitungi yake, msaada wa mtu mwema. Mitungi ilidumu siku tisa. Hakuna aliyekuwa ameuliza nani atalipia mingine. Siku ya 10 nilipita nikakuta moshi ule ule unapanda nyuma ya jiko la gesi linalong'aa, na mpishi, mama wa makamo ambaye shule nzima inamwita Shangazi, amekaa juu ya kigoda anachochea.

"Shangazi, gesi imekuwaje?"

"Gesi ipo dukani, mwanangu. Pesa ndiyo haipo hapa."

Tatizo lilikuwa makande. Uji unachemka upesi, lakini mahindi makavu na maharage ya watoto 600 yanakula gesi kuanzia alfajiri hadi adhuhuri. Shangazi ndiye aliyesema, kama mtu anayekumbusha jambo la kawaida, kwamba kwao makande yanalowekwa usiku kucha, na asubuhi yanaiva kwa muda usiofika nusu. Shuleni hayakulowekwa kwa sababu stoo ilifungwa saa tisa na ufunguo ukaondoka na mwalimu wa zamu. Basi ufunguo ukahamia kwa Shangazi. Hilo tu. Hakuna aliyezindua ufunguo.

Bado gesi ilihitaji fedha. Zamani kila mtoto alikuja na kipande cha kuni siku ya Jumatatu, na hakuna mzazi aliyelalamika. Tulipowaomba badala yake watoe shilingi 200, palichimbika. Mzazi aliyekuwa akitoa kuni anahisi hakutoa kitu. Ukimwomba sarafu anahisi umemnyonya. Ilibidi tulete mkutanoni mzigo wa kuni wa mwezi mmoja, tuuweke katikati, na Shangazi aseme kwa sauti yake mwenyewe ni miaka mingapi amekohoa. Mpaka nastaafu, shule ilikuwa inapika uji kwa gesi na makande kwa jiko banifu linalokula kuni chache. Aliyekuja kukagua akaandika kwamba lengo halijafikiwa. Ni haki yake. Mimi niliandika kwangu kwamba mzigo wa kuni umepungua zaidi ya nusu.

Kuna watakaoniuliza: unahangaika na machicha na makande katika mji wenye viwanda vya saruji, na wenye Chongoleani, mwisho wa bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda? Swali hilo nimeulizwa na mwanangu mwenyewe, mezani. Sina jibu la kumridhisha. Mtendaji wa mtaa haitwi kwenye vikao vya bomba. Kilicho mikononi mwa halmashauri ni taka, mitaro, masoko, shule za msingi, vibali vya ujenzi, sheria ndogo. Hata mikoko si yake. Ni msitu wa hifadhi, iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na ukitaka kugusa tawi lazima uandike barua. Lakini mvua ikinyesha haiulizi mamlaka ni ya nani. Maji yanaingia nyumba ya mtu na mtu anakuja kwa mtendaji.

Na yaliingia. Vuli ya mwaka 2023, ile ya El Niño, maji yalisimama kwenye vyumba vya nyumba tisa za bondeni kwa siku mbili. Mtaro tulikuwa nao, wa mawe, mzuri, umejengwa vizuri na watu wanaojua kazi. Ulikuwa umejaa mchanga, chupa na godoro moja. Fedha za mwaka mpya huanza kuhesabiwa Julai, zikifika mtaani ni Novemba, na vuli inaanza Oktoba. Nimeomba mara nyingi kuwe na kasma ya kusafisha mitaro Septemba, kasma ndogo tu, na mara nyingi imeondolewa kwa sababu usafi si mradi. Tangu hapo tunafanya msaragambo Jumamosi mbili za Septemba, nyumba kwa nyumba, asiyekuja anatoa koleo au chai. Mvua zilizofuata, nyumba zile tisa zilibaki kavu. Godoro sijajua lilikuwa la nani, ingawa nina mashaka yangu.

Maji ya kunywa yana hadithi ndefu kuliko yangu. Tanga inakunywa Mto Zigi, unaoteremka kutoka Amani, Usambara Mashariki, hadi bwawa la Mabayani. Mkulima wa huko juu akilima hadi ukingoni mwa mto, mimi huku chini naletewa maji yenye rangi ya chai ya maziwa. Mwaka 2024 mamlaka yetu ya maji, Tanga UWASA, iliuza hatifungani ya kijani, yaani hati za kuikopesha fedha kwa kazi za mazingira, ya shilingi bilioni 53.12 kwa miaka 10, riba asilimia 13.5, ili kupanua miundombinu ya maji na kulinda chanzo. Nilikuwa karibu kustaafu, nikaweka kidogo. Wenzangu walicheka: umeweka pensheni kwenye mto! Nikawaambia afadhali mto kuliko upatu.

Nirudi kwenye miche.

Baada ya kuhesabu vile vijiti 397 vilivyokufa, nilikaa kwenye ngalawa iliyopinduliwa, na mzee mmoja mvuvi aliyekuwa anashona nyavu pale karibu akaniambia, bila kuinua macho, "Mwanangu mtendaji, mlipanda bahari." Alimaanisha tulipanda sehemu ambayo ni ya maji. Pale mbele, alisema, maji hayaondoki muda wa kutosha, na mkoko mchanga ukizama muda mrefu unasongwa. Katika miti ya jamii ya mikoko, anayeweza kukaa mbele kabisa ni mlilana, na hata yeye hujipeleka mwenyewe. Mkoko wenyewe, ule tuliopanda, unataka nyuma kidogo, penye vijito. Nyuma zaidi ni msinzi na mkandaa. Mchu hukaa popote unapotaka, hata kwenye chumvi kali, na mizizi yake ya kupumulia inachomoza juu kama penseli zilizosimamishwa. Halafu akaniuliza, kwa upole uliouma kuliko tusi: nani aliwaambia mpande Juni? Juni ni kusi, upepo mkali wa kusini. Mawimbi ya kusi yaling'oa miche mingi kabla haijashika mizizi. Kalenda ya sherehe ilikuwa ya watu. Bahari ina yake.

Akanichukua siku nyingine, wakati wa kupwa, tukatembea hadi nyuma ya mikoko ya zamani. Safari hii nilivua viatu. Palikuwa na uwanja mweupe mkubwa, mkavu, umepasuka kama kisigino, vifundo vya miti iliyokufa vimesimama huku na huku. Zamani palikuwa pa kuvuna chumvi. Walijenga tuta kuzuia maji, chumvi ikaacha kulipa, wakaondoka, tuta likabaki. Miaka mingi maji ya bahari hayajaingia humo isipokuwa bamvua kubwa, ule wakati maji hujaa kupita kawaida, kinyume cha maji mafu, na yakiingia hayatoki, yanakauka na kuacha chumvi juu ya chumvi. "Hapa hapahitaji miche," mzee alisema. "Panahitaji mlango."

Kupata kibali cha kutoboa tuta kulichukua miezi 14. Wakala wa misitu wakaja kuangalia, afisa mazingira akaandika andiko, BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe, ikatoa watu, na mwenye eneo la zamani ilibidi atafutwe hadi Mombasa. Tulitoboa sehemu mbili, kwa majembe na masururu, siku tatu, bila mgeni rasmi. Mzee ndiye aliyeonyesha wapi, kwa kufuata kovu la kijito cha zamani ambalo mimi nililiona kama mkunjo wa tope tu. Gharama nzima ilikuwa chakula cha vibarua, na ilipungua kuliko fulana za ile siku ya Juni.

Bamvua ya kwanza maji yaliingia yakatoka. Mwaka wa kwanza hakuna kilichoota, na mwenyekiti wangu akaanza kuniuliza maswali ya kikaoni. Mwaka wa pili, baada ya masika, pembeni mwa kijito yakatokea majani mawili mawili, manene, ya kijani kibichi. Mchu. Hakuna mtu aliyeupanda. Mbegu zilikuja na maji kutoka mikoko ya jirani. Kaa walikuwa wamerudi kabla yake, mashimo yao yamejaa kila mahali. Yule afisa mpole akaniambia kwamba tope lile, likilindwa lisikauke, linaweza kushika kaboni kwa mamia ya miaka. Mzee yeye alifurahia kamba, wale wa kuliwa.

Niliacha kazi mwaka jana. Mtendaji aliyenirithi ni binti hodari, ana kompyuta mpakato na anaandika haraka kuliko nilivyowahi kusoma. Mwezi uliopita alinipigia simu kwa furaha: wamepata wafadhili, miche 1,000, fulana zipo, sherehe Jumamosi ya tarehe sita.

"Hongera, mwanangu," nikamwambia. "Hiyo Jumamosi ni bamvua au maji mafu?"

Akanyamaza kidogo. Kisha akaomba namba ya yule mzee wa nyavu. Nikampa ya mwanawe.